Mazao Matatu Yaliyosafiri Bila Mapishi Yake

Mkulima apatapo shamba jipya katika skimu ya makazi, huenda na jembe lake, mbegu zake na mifugo yake. Mara nyingi hufika mahali ambapo udongo na mvua si vile alivyozoea, na mazao ya huko ni mageni kwake. Aliyelelewa kwa wimbi na mtama huanza kupanda mahindi. Aliyetoka penye joto hupewa shamba la baridi, akajifunza viazi. Na aliyetoka milimani akapata shamba pwani, hana budi kujifunza muhogo. Bwana Shamba humwonyesha namna ya kupanda, kupalilia na kuvuna. Lakini kuna neno moja ambalo husahauliwa: Je, zao hili hupikwaje, na huliwa pamoja na kitu gani?

Neno hili si dogo. Mahindi, muhogo na viazi, ambavyo leo ndivyo vinavyojaza sufuria nyingi za Kenya, vyote vitatu vilitoka Amerika. Wenyeji wa huko walivila kwa maelfu ya miaka, nao walikuwa na desturi zao za kuvipika. Watu wa Ulaya walipofika Amerika mwaka wa 1492 na baadaye, walichukua mbegu wakazieneza duniani, lakini mapishi waliyaacha huko huko. Kwa sababu hiyo watu wengi walikufa, na wengine wakawa viwete. Yafaa mkulima azijue habari hizi, kwa maana hasara iliyowapata wale yaweza kumpata mtu ye yote alaye chakula kigeni bila elimu yake.

MAHINDI NA CHOKAA

Mahindi yalianza kulimwa katika nchi ya Mexico, yapata miaka 9,000 iliyopita. Wanawake wa huko hawasagi mahindi makavu kama tufanyavyo sisi. Kwanza huyachemsha katika maji yaliyotiwa chokaa kidogo iliyozimwa, au majivu ya kuni. Kisha huyaacha ndani ya maji hayo usiku kucha. Asubuhi huyaosha vizuri, na maganda huteleza na kutoka. Mahindi hayo laini husagwa juu ya jiwe yakiwa bado na maji, yakawa donge kama la chapati. Donge hilo hupigwa kwa viganja likawa bapa, likaokwa juu ya kikaango cha udongo kisicho na mafuta. Mkate huo huitwa tortilla, na kwa watu wa Mexico ndio kama ugali kwetu.

Donge lilo hilo hutengeneza vinywaji pia. Likikorogwa katika maji ya moto huwa uji uitwao atole, ambao hunywewa asubuhi. Upande wa kusini, katika majimbo ya Chiapas na Tabasco, huliacha lichachuke, hulifunga kwa majani, na mtu aendaye shambani au safarini hubeba kipande chake. Akiona kiu hukikoroga katika maji baridi akanywa. Kinywaji hiki huitwa pozol, nacho humshibisha na kumkata kiu pamoja.

Tena watu hao hawakula mahindi peke yake. Katika shamba moja walipanda mahindi, maharagwe na maboga pamoja. Maharagwe yalipanda juu ya mabua, na majani ya maboga yakafunika udongo usikauke na magugu yasiote. Wenyeji wa kaskazini ya Amerika nao walifanya vivyo hivyo, wakayaita mazao hayo ndugu watatu wa kike. Walivyokaa shambani ndivyo walivyokutana chunguni.

UGONJWA WA WALA MAHINDI MATUPU

Mahindi yalipofika Ulaya, wakulima maskini wa Hispania na Italia waliyapenda kwa sababu yalizaa sana. Waliyasaga makavu, wakapika ugali wao uitwao polenta. Ngano, nyama na maziwa vilikwenda kwa wenye mashamba na sokoni, na maskini akabaki na ugali asubuhi na jioni.

Baada ya muda ugonjwa mpya ulionekana. Mwaka wa 1735 daktari mmoja wa Hispania, Gaspar Casal, aliwaona wakulima ambao ngozi yao ilikuwa nyekundu, kisha ikawa ngumu na kupasuka mahali palipopigwa na jua, yaani mikononi, miguuni na kuzunguka shingo. Baadaye mgonjwa huharisha, akili yake huchafuka, na asipopata msaada hufa. Huko Italia uliitwa pelagra, maana yake ngozi kavu yenye kukwaruza. Watu walidhani ni laana, au ugonjwa wa kuambukizana, au sumu ya mahindi yaliyooza.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani ugonjwa huo ulienea mno baada ya mwaka wa 1906. Wapangaji wa mashamba ya huko walilima pamba mpaka mlangoni pa nyumba, kwa maana pamba ndiyo iliyoleta fedha, wasibakishe hata kipande cha bustani ya mboga. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, asali ya miwa, na mafuta ya nguruwe. Inakadiriwa kwamba watu milioni 3 waliugua katika miaka iliyofuata, na 100,000 hivi wakafa.

Mwaka wa 1914 Serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuchunguza jambo hili. Alipotembelea nyumba za mayatima na hospitali za wagonjwa wa akili, aliona neno ambalo wengine hawakulitia maanani. Waliotunzwa waliugua, lakini wauguzi waliowashika na kuwaosha kila siku hawakuugua. Basi, akasema, ugonjwa huu hauambukizi. Tofauti iko mezani. Katika nyumba mbili za mayatima huko Mississippi aliongeza maziwa, mayai, nyama na maharagwe, na ugonjwa ukaondoka. Kisha, mwaka wa 1915, wafungwa wa gereza la Rankin walikubali kula chakula cha mahindi na wanga tu kwa kuahidiwa msamaha. Kati ya 11 waliomaliza jaribio hilo, 6 walionyesha dalili za pelagra.

Hata hivyo wako waliobisha. Basi Goldberger alijidunga damu ya mgonjwa mwilini mwake, asidhurike. Alikufa mwaka wa 1929 kabla ya kujua ni kitu gani hasa kilichopungua. Mwaka wa 1937 Conrad Elvehjem wa Wisconsin aligundua kwamba ni vitamini iitwayo niasini.

Sasa twaweza kuelewa kazi ya chokaa ya Mexico. Niasini imo ndani ya mahindi, lakini imefungwa, na tumbo la mtu haliwezi kuifungua. Chokaa au majivu huifungua. Na maharagwe yana protini ambayo mwili huigeuza ikawa niasini. Wanawake wa Mexico hawakujua neno niasini, lakini walilijua chungu lao.

JE, SISI TUNAOKOKA KWA NINI?

Wazee wetu hawakutumia chokaa, lakini walitumia njia ya pili. Wakikuyu walipika githeri, yaani mahindi na maharagwe katika chungu kimoja. Wakamba wana isyo, tena wana muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu yakatoka maganda, yakapikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Wajaluo wana nyoyo, na watu wa pwani wana pure. Kila mmoja aweza kudhani kwamba chakula hiki ni cha kabila lake tu, kumbe ni shauri moja kwa majina mengi. Waluhya nao hutengeneza maji ya majivu, musherekha, ambayo huchuja na kutia katika mboga za kienyeji ili zilainike.

Hatari humjia yule aachaye shauri hili. Katika skimu nyingi mkulima huvuna maharagwe akayauza yote, hupeleka maziwa yote kwenye kituo cha ushirika, kisha hununua sukari na kula ugali kwa chumvi. Mfuko una fedha, lakini watoto wamekaa kama wale wapangaji wa pamba. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kutia vitamini, pamoja na niasini, katika unga wa mahindi wa pakiti. Lakini mahindi uliyoyapeleka mwenyewe kwenye kinu cha posho hayakutiwa kitu. Hayo yangoja maharagwe, maziwa na mboga kutoka shambani kwako.

Neno moja la kuangalia. Kupika hakuondoi kila ubaya. Mwaka wa 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haifi kwa moto wa jikoni. Mahindi yakaushwe sana kabla ya kutiwa ghalani, na yaliyoota ukungu yasiliwe na mtu, wala yasipewe ng'ombe wa maziwa.

MUHOGO NA KIKAPU CHA KUKAMUA

Muhogo ulitoka katika misitu ya Brazil. Ndani yake mna kitu ambacho, muhogo ukatwapo au kutafunwa, hugeuka kuwa sumu ya sayanaidi. Muhogo mtamu unayo kidogo, na muhogo mchungu unayo nyingi. Hata hivyo wenyeji wa Brazil waliupenda ule mchungu, kwa maana nguruwe mwitu na wadudu hawausumbui sana.

Waliumaliza uchungu wake hivi. Waliumenya na kuukuna ukawa kama machicha ya nazi. Machicha hayo waliyatia katika kikapu kirefu kilichosukwa kama soksi, kiitwacho tipiti. Kikapu hutundikwa juu na kuvutwa chini kwa mti, nacho hujiminya na kutoa maji yote yenye sumu. Kisha unga huo hukaangwa juu ya kikaango kipana mpaka ukauke, ukaitwa farinha. Hata maji yaliyokamuliwa hayakumwagwa. Huchemshwa kwa muda mrefu mpaka sumu ipae na mvuke, yakawa mchuzi uitwao tucupi, ambao mpaka leo hupikiwa bata na samaki huko.

Wareno walileta muhogo Afrika katika karne ya 16. Mahali pengine watu walipata njia iliyo njema. Huko Congo huuloweka siku kadhaa, huuponda, huufunga kwa majani na kuupika kwa mvuke, ndio chikwangue. Huko Afrika Magharibi huukuna, huutia katika magunia na kuuwekea mawe uchachuke na kukamuka, kisha huukaanga ukawa gari. Watu waliotoka utumwani Brazil wakarudi Afrika katika karne ya 19 walisaidia kueneza elimu hii.

Lakini mahali ambapo njia ilifupishwa, ilikuwa huzuni. Mwaka wa 1981 ukame mkubwa uliingia jimbo la Nampula, nchini Msumbiji. Mazao mengine yalikauka, ukabaki muhogo mchungu. Tena muhogo huzidi uchungu wakati wa ukame. Watu wenye njaa hawakuweza kungoja wiki kadhaa ukauke sawasawa. Waliula upesi, bila maharagwe wala samaki. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto na wanawake, waliamka wakiwa na miguu iliyokakamaa, wasiweze kutembea vema tena maisha yao yote. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Congo ambako uliandikwa kwanza mwaka wa 1938, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mwaka wa 1985 ulionekana hata Tarime, Tanzania, karibu na mpaka wetu. Konzo hauna dawa ya kuuponya, lakini kuuzuia ni rahisi.

Kwa hiyo mkulima wa pwani au wa magharibi apandaye muhogo, na hasa yule aliyehamia huko akitoka nchi isiyo ya muhogo, na afuate mambo haya. Muhogo mtamu umenywe na kuchemshwa vizuri, wala watoto wasiuzoee kuutafuna mbichi. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu au nne mpaka ulainike, uanikwe ukauke, ndipo utwangwe. Na kama una wasiwasi juu ya unga, iko njia iliyojaribiwa Msumbiji: Changanya unga na maji mpaka ulowe wote, utandaze mwembamba katika ungo au sinia, unene usizidi sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu hupaa hewani. Kisha pika ugali siku ile ile, ukaule na kunde, mbaazi au dagaa.

VIAZI VYA MILIMA YA ANDES

Viazi tuviitavyo vya Kizungu si vya Wazungu. Vilianza kulimwa karibu na ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, mahali palipo juu sana na baridi kali. Wenyeji wa milima hiyo wana viazi vya aina zaidi ya 4,000: vyeupe, vyekundu, vyeusi, virefu na vya mviringo. Mkulima mmoja hupanda aina nyingi katika shamba dogo. Zikishambuliwa hizi kwa baridi, zile hupona. Zikishikwa hizi na ugonjwa, nyingine husalimika.

Tena wanajua kuviweka. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, hutandaza viazi chini usiku vigande kwa barafu. Asubuhi vikiyeyuka huvikanyaga kwa miguu maji yatoke, kisha huviacha juani. Wakifanya hivyo siku kadhaa huwa vikavu na vyepesi kama vibao, navyo huitwa chuño. Viazi hivyo vyaweza kukaa ghalani miaka mingi bila kuoza, hata mwaka wa njaa ukifika kuna akiba. Wakati wa kula huvitia katika mchuzi. Na pombe yao ya karamu, chicha, hutengenezwa kwa mahindi yaliyochipuzwa, kama vile kimea cha busaa yetu.

Watu wa Ulaya walichukua aina chache tu za viazi. Ireland walivipenda kuliko wote. Mfanyakazi wa huko aliweza kula kilo 5 au zaidi kwa siku, pamoja na maziwa ya mtindi, akawa na afya njema. Ubaya haukuwa katika chakula, ulikuwa katika mbegu. Maskini karibu wote walipanda aina moja iliyoitwa Lumper. Mwaka wa 1845 ugonjwa wa blaiti ulivuka bahari. Majani yalikuwa meusi, na viazi vikaoza ardhini vikanuka. Mwaka wa 1846 vikaoza tena. Katika miaka michache watu yapata milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wakaihama nchi.

Hapo pakatokea jambo ambalo linaunganisha habari hizi zote. Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel, aliagiza mahindi kutoka Marekani yauzwe Ireland kwa bei ndogo. Watu wa Ireland hawakuyajua mahindi. Punje zilikuwa ngumu kwa vinu vyao, nao hawakujua yachemshwe muda gani. Waliyala yakiwa nusu mabichi, wakaugua matumbo. Kwa rangi yake ya manjano waliyaita salfa ya Peel. Chakula kilifika, lakini mpishi wake hakufika nacho.

Huku Kenya, katika skimu za Nyandarua na penginepo, viazi ndivyo fedha ya mkulima, na wengi hupanda aina ya Shangi peke yake kwa sababu hukomaa upesi na wachuuzi huitaka. Hapana ubaya kupanda Shangi. Lakini asiye na aina nyingine hata mstari mmoja na aikumbuke Lumper. Jaribu aina ya pili, kama vile Kenya Mpya, Sherekea, Asante au Tigoni, na ununue mbegu safi zilizokaguliwa. Na viazi vilivyogeuka kijani kwa kukaa juani visiliwe, kwa maana kijani hicho ni dalili ya sumu. Viwekwe mahali penye giza na hewa.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Kabla ya kuuza maharagwe, toa kwanza debe za nyumbani za kutosha mpaka mavuno yajayo. Vivyo hivyo maziwa: kikombe cha mtoto kitoke kabla ya gari la ushirika halijafika.

2. Panda maharagwe au kunde kati ya mahindi, na maboga pembeni. Bustani ndogo ya mchicha, managu au sukuma wiki iwe karibu na jiko.

3. Ukitaka kujaribu mahindi ya chokaa, tumia chokaa ya chakula au majivu safi ya kuni yaliyochujwa. Chokaa ya kujengea isitiwe katika chakula kamwe.

4. Usifupishe njia ya muhogo mchungu, hata wakati wa njaa. Wakati wa njaa ndio hasa wa kuifuata.

5. Usipande aina moja ya viazi peke yake.

6. Ukipata mbegu ya zao usilolijua, uliza maswali mawili: Lapandwaje? Na lapikwaje? La kwanza mwulize Bwana Shamba. La pili mwulize jirani yako, na hasa mama mzee aliyelila zao hilo tangu utoto wake.

Skimu ya makazi ina neema moja ambayo vijiji vya zamani havikuwa nayo. Ndani yake wamekaa jirani watu wa makabila mengi, kila mmoja amekuja na chungu chake. Yule wa pwani ajua muhogo, yule wa Ukambani ajua muthokoi, yule wa milimani ajua viazi. Mbegu tukiazimana, basi tuazimane na mapishi pia, watoto wetu wasije wakapata hasara iliyompata mtu wa Ireland na mpangaji wa pamba.